Kiti cha Mbele na Ndoo ya Uwele

Hotuba kwa wazee wa kanisa, wahazini na viongozi wa vikundi, Dodoma. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa.

Bwana Yesu asifiwe! Mbukwenyi!

Salamu hiyo ya Kigogo wenyeji wameiitikia kwa sauti, wageni nao wamejaribu. Ndiyo Dodoma yetu ya leo hiyo.

Wachungaji wangu, wazee wenzangu, mama zangu wa vikundi, na ninyi vijana wa kwaya mlioacha mazoezi ya Jumamosi mkaja kukaa chini ya mabati haya yanayowaka jua, nawashukuru. Nimepewa saa moja nizungumze juu ya upendeleo katika uongozi wa kanisa. Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Mama, sema ukweli, lakini usituvunje." Nitajaribu. Nitaanza na ukweli unaonihusu mwenyewe, maana nikianza na wa wenzangu hamtakuwa na sababu ya kunisikiliza.

Miaka kadhaa iliyopita, siku ya sikukuu ya mavuno, nilipewa kazi ya kupokea wageni katika kanisa moja la kijijini, upande wa Mvumi. Mnaijua Julai ya huku: upepo unavuma tangu alfajiri, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, watu wamejifunika vitenge na makoti. Kanisa lilikuwa dogo, lenye mabenchi ya mbao, na mbele tulipanga viti 12 vya plastiki tulivyoazima shuleni. Ibada ilikuwa saa nne. Saa tatu na nusu akaingia bibi mmoja peke yake, ndoo ndogo ya uwele kichwani, amefunika kwa kipande cha kanga. Alikuwa ametembea. Miguu ilikuwa imejaa vumbi mpaka karibu na magoti. Akaiweka ndoo yake mbele, akaomba kidogo, kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki cha kwanza, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

Saa nne na robo gari la mgeni rasmi likafika, na wageni walikuwa wengi kuliko tulivyoambiwa. Viti havikutosha. Nikamwendea bibi, nikainama, nikamwambia kwa adabu zote, "Bibi, naomba usogee pale nyuma kidogo, kuna wageni." Hakusema neno. Alishika ukingo wa kiti, akainuka nusu, akapumzika, kisha akasimama, kama wanavyosimama wazee wenye shida ya magoti. Alipoondoka nikatoa leso yangu nikafuta pale alipokuwa amekaa, ili mgeni asichafuke suruali.

Ndugu zangu, maneno niliyomwambia naweza kuyatetea. Leso siwezi.

Wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya Jumapili. Waraka wa Yakobo, sura ya pili, nilikuwa nimewafundisha watoto mara nyingi, na wengine walikuwa wanaisema kwa moyo. Yakobo anaeleza mtu anayeingia kwenye sinagogi akiwa na pete ya dhahabu na mavazi mazuri, na maskini anayeingia na mavazi mabovu. Yule wa kwanza anaambiwa, "Keti wewe hapa mahali pazuri." Wa pili anaambiwa, "Simama wewe pale, au keti miguuni pangu." Nilikuwa nikiifundisha kama habari ya watu wa zamani wenye roho mbaya. Siku ile sikukumbuka hata neno moja. Nilikumbuka usiku, nikiwa nafua ile leso.

Neno la Kiyunani alilotumia Yakobo, ambalo Biblia yetu imelitafsiri kuwa kupendelea watu, limejengwa kwa maneno mawili: uso, na kupokea. Kupokea uso. Nyuma yake kuna usemi wa Kiebrania wa Agano la Kale, kuinua uso: mtu anakuja ameinama mbele ya hakimu, na hakimu anamwinua uso amtazame ni nani kabla ya kusikia neno lake. Ndiyo maana Kumbukumbu la Torati sura ya 10 inasema Mungu ni yeye "asiyependelea nyuso za watu, wala hakubali rushwa". Nyuso na rushwa ziko kwenye pumzi moja. Mwandishi aliona kwamba uso wa mtu unaweza kufanya kazi ileile inayofanywa na bahasha.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu ndipo ninapotaka kukaa. Mimi sikumchukia yule bibi. Wala sikupewa hata shilingi moja na mgeni. Nilisukumwa na shukrani. Yule mgeni alikuwa ametusaidia saruji ya msingi wa nyumba ya mchungaji, na moyo wangu ulikuwa umejaa kumshukuru kabla hajashuka kwenye gari. Upendeleo wa kanisani, kwa kadiri nilivyouona katika miaka 19 ya uzee wa kanisa, mara nyingi unaingia kwa mlango huo. Unaingia kama shukrani, kama undugu, kama heshima kwa mzee aliyetulea kiimani. Umevaa nguo nzuri, kwa hiyo hatuuulizi unatoka wapi. Chuki tungeitambua mara moja na kuikemea.

Niwape mfano mwingine, na huu ni mzito zaidi. Sitataja majina, wala msijaribu kukisia. Nilikuwamo kikaoni. Binti mmoja wa kwaya alipata mimba. Kijana aliyehusika alikuwa mpiga kinanda wa kwaya hiyohiyo, na wote wawili walikiri. Baba wa kijana alikuwa ametoa bando kumi za mabati, na kanisa lile mpaka leo mvua ikinyesha watu wanalowa kidogo kuliko zamani kwa sababu yake. Tulikaa kikao kuanzia saa tisa mpaka magharibi. Juu ya binti tulimaliza kwa dakika kumi: asimamishwe kushiriki Meza ya Bwana na kuimba, na jambo litangazwe. Juu ya kijana tulikaa muda mrefu sana. Mwishowe mzee mmoja akasema, "Huyu tumshughulikie kichungaji." Sote tukaona ni neno zuri. Hakuna aliyetaja mabati. Baba mwenyewe hakutuma salamu wala hakumpigia mtu simu. Mabati yalikuwa juu ya vichwa vyetu, yanatosha kusema yenyewe.

Jumapili iliyofuata binti alisimamishwa mbele ya kusanyiko lote, na wimbo uliofuata kinanda kilipigwa na kijana yuleyule. Baada ya miezi 6 binti alirudishwa. Kijana hakuhitaji kurudishwa kwa kuwa hakuna mahali alipoondoka.

Mimi katika kikao kile nilinyamaza. Nilikuwa na neno mdomoni nikalimeza.

Mtume Paulo anapomwandikia Timotheo, waraka wa kwanza sura ya 5, anaanza kwa kuwalinda wazee: usikubali mashitaka juu ya mzee ila kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu. Ni haki, kwa sababu kiongozi ana maadui. Lakini hapohapo anaendelea kwamba wale wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Kisha anamwita Mungu shahidi, na Kristo Yesu, na malaika wateule, mashahidi wa mbinguni kwa ajili ya agizo moja: "usifanye neno lo lote kwa upendeleo." Kwa nini aape hivyo? Kwa sababu alijua kikao kitakavyokuwa. Alijua tutakuwa na sheria mbili bila kuandika hata moja. Na mstari unaofuata anasema usimwekee mtu mikono kwa haraka. Nidhamu na uteuzi vimewekwa pamoja, maana ndipo mahali pawili ambapo mkono wa kiongozi unatetemeka.

Naomba mnielewe vizuri. Sisemi binti aachwe kwa kuwa ni maskini. Mambo ya Walawi 19:15 inakata pande zote mbili: "usimpendelee mtu maskini, wala kumstahi mwenye nguvu, bali utamhukumu jirani yako kwa haki." Wapo viongozi wanaojitafutia sifa kwa kuwabana matajiri hadharani, waonekane watetezi wa wanyonge. Huko nako ni kutazama uso. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ndivyo wazee wetu walivyosema, na haki ya binti yule ilikuwa moja tu: apimwe kwa kipimo alichopimiwa mwenzake.

Nije kwenye undugu. Hapa najua wengine watainamisha vichwa, na mimi nitainamisha pamoja nanyi. Tunasema damu nzito kuliko maji, na ni kweli. Mtu amesomesha mdogo wake, amemaliza chuo, yuko nyumbani mwaka wa tatu hana kazi, na ofisi ya kanisa inahitaji karani. Nani asiyemfikiria kwanza wa nyumbani kwake? Biblia haitufichi kwamba watu wakubwa waliangukia hapo. Kuhani Eli aliwaacha Hofni na Finehasi wachukue nyama ya sadaka kabla mafuta hayajateketezwa, na Bwana akamwambia kwamba amewaheshimu wanawe kuliko yeye. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kinachonisumbua zaidi ni Samweli. Yeye alilelewa palepale Shilo, aliona nyumba ya Eli inavyoanguka, na ndiye aliyepewa ujumbe wa hukumu yake akiwa mtoto. Alipozeeka akawaweka wanawe wawili, Yoeli na Abia, kuwa waamuzi huko Beer-sheba. Wakapokea rushwa, wakapotosha hukumu. Samweli mwenyewe mikono yake ilikuwa safi, taifa zima lilishuhudia hivyo. Mtu asiyeiba hata punda wa jirani anaweza kuwapa watoto wake kiti kisicho chao.

Historia ya Kanisa nayo imejaa hayo. Wazungu jina lao la kupendeleana kindugu wamelitoa kwenye neno la Kiitaliano la mpwa, kwa sababu kwa muda mrefu mapapa walikuwa wakiwapa wapwa zao ukadinali na mali. Ilipofika mwaka 1692 Papa Innocent XII akatoa amri ya kukataza papa kuwagawia jamaa zake mali na vyeo vya mapato. Leo Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983, kanuni ya 478, hazimruhusu askofu kumteua ndugu yake wa damu hadi daraja la nne kuwa makamu wake. Na kanuni ya 492 inawatoa jamaa wa askofu kwenye baraza lake la fedha, wa damu na wa ndoa vilevile. Najua humu ndani tuko wa madhehebu mbalimbali, na wengi hatuko chini ya sheria hizo. Lakini angalieni walichofanya. Hawakusema, "Maaskofu wetu ni watu wa Mungu, tuwaamini." Waliandika. Walifunga mlango kabla mtu hajaufikia.

Thoma wa Akwino, karne ya 13, alilijadili jambo hili kwa uaminifu ambao naupenda. Alisema kumpa jamaa asiyestahili ni dhambi, hilo halina mjadala. Lakini je, kama ndugu wa mkubwa wa kanisa anastahili sawasawa na mwingine? Akajibu kwamba anaweza kumpa, kwa sababu wa nyumbani anaweza kumwamini zaidi. Kisha akaongeza: hata hivyo aache kufanya hivyo, kama kuna hatari wengine wakachukua mfano wakagawa mali ya Kanisa kwa jamaa zao wasiostahili. Yaani hata pale ambapo moyo wako ni safi, unafikiria mtu wa pili atakayekutazama. Paulo alifanya vivyo hivyo na mchango wa Yerusalemu. Katika Wakorintho wa pili, sura ya 8, anasema walijiepusha na lawama juu ya karama ile, wakifikiri yaliyo mema si mbele za Bwana tu, bali na mbele ya wanadamu. Hakubeba fedha peke yake. Mtume mzima! Na sisi kuna mahali mhazini ni mke wa mwenyekiti, na mwenye ufunguo wa pili wa kasha ni mtoto wao.

Vijana wangu, mnaosema habari za TANU ni za wazee: mwanachama alikuwa anaahidi, "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Angalieni hayo maneno "wala cha mtu mwingine". Walijua mtu anaweza asiwe na cheo, lakini akatembea na cha mjomba wake. Chama cha siasa kiliweza kuliona hilo, nasi tunaobatiza kwa jina la Utatu Mtakatifu tusishindwe.

Sasa mji wetu. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 serikali ilipoanza kuhamia kweli, makanisa yetu yamebadilika mbele ya macho yetu. Pale palipokuwa na miti ya mibuyu na mashamba ya zabibu sasa kuna nyumba za watumishi. Nendeni Nkuhungu, nendeni Ihumwa, nendeni huko njia ya Mtumba, mtaona ibada mbili zimejaa watu kutoka kila mkoa. Tumshukuru Mungu. Lakini nimekuwa nikihudhuria chaguzi za makanisa na nimeona mambo mawili yanayonitia hofu. Kwingine wageni wenye shahada na kompyuta wanajaza halmashauri yote, na mzee Mgogo aliyetoa kiwanja cha kanisa, aliyefyatua matofali ya kwanza kwa mikono yake, anabaki kufungua mlango na kufagia. Kwingine wenyeji wanakaa usiku kabla ya uchaguzi wakapanga majina, na asubuhi mgeni anapiga kura ambayo imekwisha hesabiwa. Pande zote mbili wanaomba kabla ya kupiga kura. Wanaomba kwa machozi.

Na wala si jambo geni katika ardhi hii. Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, na askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia. Walikuwepo Wakristo Waafrika hapa, wainjilisti waliokuwa wanatembea kwa miguu kijiji hadi kijiji. Lakini ilipita miaka 28, mpaka 1955, ndipo Yohana Omari akawekwa wakfu kuwa askofu msaidizi, Mwafrika wa kwanza katika Kanisa la Anglikana Tanganyika. Siwahukumu waliotuletea Injili, wengine wamelala kwenye makaburi ya huku. Nasema tu kwamba mababu zetu walijua maana ya kungoja kiti. Ingefaa sisi wajukuu tuwe wepesi kuwasogezea wengine.

Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 6. Napenda sana sura hii, na naona huwa tunaisoma kwa haraka ili tumfikie Stefano anapopigwa mawe. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani "walisahauliwa" katika huduma ya kila siku. Luka anatumia neno la upole, na pengine ni kweli hakuna aliyekusudia. Wagawaji walikuwa Waebrania, walijua lugha ya wajane wa Kiebrania, walijua milango yao. Wale wengine walikuwa wageni waliokuja kuzeekea Yerusalemu. Manung'uniko yakatokea. Mitume hawakusema, "Acheni majungu." Hawakusema, "Mnaleta ukabila kanisani." Mara ngapi tumelitumia neno hilo kumfunga mdomo mtu mwenye njaa? Waliita kusanyiko, wakasema chagueni watu saba. Sasa someni majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Mwebrania aliyesoma orodha ile angeshtuka. Kusanyiko liliwakabidhi meza watu wa upande uliokuwa unalia. Hawakutafuta uwiano wa nusu kwa nusu ili kila mtu aridhike. Walimpa kijiko yule aliyejua mahali njaa ilipo.

Na huko Antiokia, sura ya 13, angalieni viongozi: Barnaba mtu wa Kipro, Simeoni aitwaye Nigeri, yaani mweusi, Lukio Mkirene kutoka pwani ya Afrika, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli. Huyo Manaeni amekulia ikulu! Kwetu angekaa meza kuu, na maua mbele yake. Luka amemtaja wa nne.

Mtaniuliza: basi Mama, hatuna ruhusa ya kumheshimu mtu? Tunayo. Warumi 13 inasema astahiliye heshima apewe heshima. Mkuu wa wilaya akija kanisani mpeni kiti, mpeni na maji. Mama mjamzito, mzee, mgonjwa, wasogezeeni viti vya mbele kabla hawajaomba. Wala kuwa na rafiki wa karibu si dhambi ya kiongozi. Bwana mwenyewe aliwachukua Petro, Yakobo na Yohana mlimani akawaacha tisa chini. Lakini mama yao wana wa Zebedayo, yaani Yakobo na Yohana haohao, alipokuja kuwaombea wanawe viti viwili, kulia na kushoto, alijibiwa kwamba hivyo si vya kugawiwa kwa kuombwa. Ni vya waliowekewa tayari na Baba. Ukaribu waliupata. Kiti hawakupewa kwa ajili ya ukaribu.

Kuna jambo moja nitalipita upesi kwa sababu nikilikalia nitakasirika. Maziko. Makanisa yanayouliza kadi ya zaka ya marehemu kabla ya kupanga nani atakwenda kuzika, mchungaji au mwinjilisti, au asiende mtu kabisa: acheni. Marehemu hana mfuko. Mnaowauliza kadi ni watoto wake wanaolia.

Kwetu sisi tulianza na kitu kidogo baada ya kikao kile cha yule binti. Nilikwenda kwa mchungaji nikakiri kwamba nilinyamaza. Akaniambia hata yeye hakulala siku ile. Tukakubaliana, na halmashauri ikapitisha, kwamba kabla ya kila kikao cha nidhamu au cha ajira mwenyekiti anauliza: nani ana undugu, deni, biashara au ufadhili na mtu anayejadiliwa? Mwenye navyo anatoka nje, na katibu anaandika kwenye muhtasari kwamba fulani alitoka saa fulani, akarudi saa fulani. Mara ya kwanza tulikuwa 11, wakatoka 6. Tulibaki tunatazamana. Hatukutimiza akidi, tukaahirisha. Ndipo tulipojua tulikuwa tunaamua nini miaka yote. Mwaka uliofuata kusanyiko lilipochagua halmashauri mpya, hakuna aliyetuagiza, lakini watu walichagua kutoka koo nyingi zaidi na vitongoji vingi zaidi, kwa sababu walishaona tatizo kwa macho.

Si dawa ya kila kitu. Mtu anaweza kutoka nje na macho yake yakabaki ndani. Lakini anayebaki ndani anapata ujasiri wa kusema, na yule anayejadiliwa anajua kwamba mlango ulifunguliwa mtu akatoka kwa ajili yake.

Nirudi kwa bibi, maana sikuwaambia mwisho wake.

Ilinichukua karibu mwaka kwenda kumwomba radhi. Nilikuta wanapura uwele, watu wa nyumba yake wako uwanjani na fimbo, yeye amekaa kivulini anapepeta. Alinipa kigoda chake, akabaki amekaa chini kwenye ngozi. Nilikataa, akasisitiza, nikakaa. Nikamwambia habari ya kiti, na ya leso pia. Alinisikiliza huku anaendelea kupepeta. Akasema, "Kiti? Kiti cha kanisa si changu, mwanangu. Mtu unakaa, unaondoka." Akanyamaza, akapuliza makapi. Kisha akasema, "Ila uwele wangu haukusomwa."

Sikumwelewa mara moja. Siku ile ya mavuno tulisoma orodha ya matoleo kwa kipaza sauti. Mgeni rasmi alisomwa kwa jina, na fedha zake. Wageni wengine wakasomwa. Aliyeleta ng'ombe akasomwa, aliyeleta mbuzi akasomwa. Vile vidogo vidogo, ndoo, vikapu, mayai, tulikuwa tumevimimina pamoja na kuviandika "mazao mchanganyiko, gunia moja na nusu". Mwandiko ulikuwa wangu. Bibi alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye benchi nililompeleka, anasubiri asikie ndoo yake ikitajwa mbele za Mungu na watu. Alisubiri mpaka baraka ya mwisho.

Mimi nilikwenda kuomba radhi kwa kitu kimoja, kumbe nilikuwa nadaiwa kingine ambacho sikujua hata kwamba kipo. Kama nisingekwenda nikakaa kwenye kile kigoda, ningekufa najua kwamba kosa langu lilikuwa kiti.

Mavuno yaliyofuata tuliandika kila kitu, na tukasoma kila kitu. Ilichukua dakika 50. Watoto walichoka, mgeni mmoja aliangalia saa mara nyingi, na mchungaji alilazimika kufupisha mahubiri. Hatukupanga kwa ukubwa, tulipanga kwa jinsi watu walivyofika asubuhi. Ndoo moja ya uwele ilisomwa kati ya ng'ombe dume mmoja na shilingi laki tatu, kwa jina la mwenyewe na la kitongoji chake. Kutoka benchi la pili kikapigwa kigelegele kimoja, kirefu, cha sauti ya kizee.

Mwenyekiti, nimemaliza. Kwa maswali niko tayari baada ya chai. Wanaotaka kuona fomu tunayoandikia mazao, na ule ukurasa wa muhtasari wa wanaotoka nje, nimekuja na nakala 20. Ziko kwenye meza pale mlangoni.